Maji ya Adow Bulle

Ukitaka kumkasirisha Adow Bulle, mwambie maji ni maji tu. Atakutazama kuanzia kandambili hadi kofia, afyonye, kisha akueleze, upende usipende, kwamba kuna maji ya kisima, maji ya silanga la kuchimbwa, maji ya mto Tana, maji ya lori na maji ya mvua, na kwamba mtu asiyeweza kuyatofautisha kwa ulimi ana bahati kuwa bado yu hai. Halafu, akishakuchosha, atakuambia kuwa juu ya hayo yote kuna maji yake yeye.

Maji yake yeye ni yale aliyoyatengeneza kwa miaka kumi na moja katika maabara ya chuo kikuu kimoja hapa Garissa. Wenye elimu pale ndani wanachunguza vinasaba vya mifugo na vya magonjwa yake, mambo madogo hata jicho haliyaoni. Adow hakusoma hayo. Kazi yake ni kuosha vyombo vya kioo, kuwasha ile sufuria kubwa ya mvuke wanayoiita otoklevu, na kukeneka maji. Mtambo wake unachemsha maji ya bomba yakawa mvuke, mvuke ukapoa ukawa maji tena, yakadondoka tone kwa tone ndani ya chupa kubwa ya lita ishirini yenye bomba dogo chini. Chumvi, tope na uchafu vyote hubaki nyuma. Adow alikaa karibu na mtambo ule kama alivyokaa ujanani kwenye visima vya huko mbele ya Modogashe, akiwachotea maji ngamia wa baba yake huku akiwaimbia wanywe.

Wale ngamia nao, msiulize. Ukame mkubwa uliwamaliza mmoja baada ya mwingine kule malishoni walikokuwa na shemeji yake, akabaki jike mmoja tu, Barwako. Adow alimleta mjini, akamtengenezea boma la miiba nyuma ya nyumba yake, pembeni kabisa ya mji. Mtu aliyekuwa na ngamia wengi akabaki na mmoja hamfugi tena yule mmoja. Anaishi naye.

Sasa, mwaka huo mto Tana ulifurika. Kila mtu wa hapa anajua maana yake: barabara ya Nairobi ilikatika, malori yakalala ng'ambo, unga ukapanda, na mjini mabomba yakatoa maji ya rangi ya chai. Maabara nayo iliishiwa na maji maalumu ambayo huletwa kutoka Nairobi katika vichupa vilivyofungwa. Daktari Nasteho, mkuu wa maabara, mwanamke wa sauti ya chini ambaye sijamsikia akiirudia amri mara mbili, alisema basi watatumia maji ya Adow. Yachemshwe tena kwenye otoklevu, yagawanywe kwenye vichupa vidogo, kazi iendelee.

Adow alitembea wiki nzima kifua mbele. Abshiro, mkewe, akamwambia, "Wewe, umeoa mke wa pili? Mbona unang'aa hivyo?"

"Hata Nairobi ikifungwa," akajibu, "maji yangu iko."

Kazi iliyokuwa ikiendelea ilikuwa ya Weris. Huyu alikuwa binti wa wachungaji wa Tarbaj, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, na sasa alikuwa akisomea shahada ya pili. Alikuwa amezunguka maboma ya wafugaji miezi minne akikusanya maziwa ya ngamia, apate kuyapima kama yana brusela, ule ugonjwa unaomtupisha ngamia mimba na kumtia mtu homa isiyoisha na maumivu ya viungo. Alimwita Adow "adeer", baba mdogo, na Adow, kwa desturi yetu, akamrudishia neno lilelile, "adeer". Mgeni akiwasikia hudhani wanagombea cheo. Wala hawakuwa ndugu, lakini binti hakuwa na mtu mwingine mjini wa kumwuliza kama amekula.

Kipimo chenyewe kilikuwa na hatua mbili. Kwanza mashine ilitafuta alama ya ngamia ndani ya kila kichupa, kuhakikisha maziwa yametayarishwa sawasawa. Ikipatikana, ndipo walipoitafuta brusela. Na kila mara, pembeni mwa vichupa vya maziwa, Weris aliweka kimoja chenye maji matupu. Hicho walikiita shahidi. Shahidi hapaswi kusema lolote. Ndani yake hamna ngamia wala ugonjwa, ni maji tu, na mashine inapaswa ikipite kimya.

Ijumaa moja shahidi akasema, "Mna ngamia humu."

Weris alidhani amekosea, akarudia. Shahidi akasema vilevile. Akabadilisha glavu, akafuta meza kwa dawa, akarudia. Ngamia. Akaacha kunywa chai ya maziwa ya ngamia asubuhi, akawa anaoga kabla ya kuingia kazini, akanunua hijabu mpya ya kuvaa mle ndani tu. Ngamia, ngamia, ngamia! Siku ya tisa alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

Walikagua pipeti, wakakagua friji, wakakagua hata upepo wa feni. Kuna siku mwenzake mmoja aliuliza, "Na maji je?"

Daktari Nasteho akatikisa kichwa. "Maji ni ya Adow. Miaka kumi na moja hayajatuangusha. Tuangalie mikono yetu kwanza."

Adow alikuwa pale pale akipanga vyombo. Alisikia, na moyo wake ukajaa raha. Wallahi, alikaribia kutabasamu. Na "mikono yetu", kila mtu alielewa ilikuwa mikono ya nani.

Siku ya kumi na moja, Weris alimkuta Adow kwenye otoklevu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Adeer, mimi nimechoka," akasema. "Alhamisi barabara itafunguliwa. Daktari anasema shahidi asiponyamaza hadi hapo, maziwa yote yatapelekwa Nairobi, mwanafunzi mwingine ayapime. Baba yangu ameshawaambia watu wa Tarbaj wote. Nitamwambia nini? Kwamba mikono ya binti yake ni michafu?"

"Lakini moto si inaua kila kitu?" Adow akauliza, akiipigapiga ile sufuria ya mvuke. "Hapa hakuna mdudu anatoka hai."

"Mdudu anakufa, adeer. Lakini mzoga wake hauondoki. Vipande vya vinasaba vinabaki, na mashine yetu inaona hata kipande kimoja. Tone la maziwa likianguka kwenye pipa, ukachemsha pipa zima, mashine bado itasema kuna ngamia."

Akainuka akaenda zake. Adow alibaki na kitambaa mkononi, akiitazama chupa yake kubwa.

Ngojeni niwaambie alichokikumbuka.

Majuma mawili kabla ya hapo, Barwako alikuwa ametupa mimba. Ilikuwa mimba ya kwanza tangu ukame, na Adow alikuwa ameihesabu kama mtu anavyohesabu siku za Ramadhani zilizobaki. Alilia kwa siri nyuma ya boma. Watu wakasema ni jicho, maana ngamia mmoja aliyenona mjini huwakera wengi. Adow akamwita maalimu amsomee tahlili, yaani maji yasomewe Qur'ani kisha anyunyiziwe mnyama na apewe kidogo anywe. Maalimu akasema, "Leta maji safi." Na mabomba yalikuwa yakitoa chai! Adow akawaza: katika Garissa hii yote, maji safi kuliko yote yako wapi? Akachukua kijerikeni cha Abshiro cha kutilia maziwa, akakisuuza, akakinga lita tatu kutoka kwenye chupa yake kubwa, akaenda nazo nyumbani.

Maalimu alisoma vizuri. Barwako akanyunyiziwa, akatulia. Kijerikeni kikabaki na maji zaidi ya nusu.

Maji yaliyosomewa hayamwagwi ovyo. Hayamwagwi chooni, wala kwenye mtaro, wala mahali watu wanapokanyaga. Kila mtoto wa Kiislamu wa hapa anajua. Kwa kawaida huyanywa wenye nyumba, au huyamwagia mti. Lakini Adow aliyatazama yale maji, akamwazia Weris, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza vipimo vyake, akaona ni ubahili kuyamaliza peke yake. Asubuhi akayarudisha kazini, akayamimina tena ndani ya ile chupa kubwa. Maji safi kuliko yote, na juu yake maneno ya Mungu. Yangemdhuru nani? Alisema bismillahi, akafunga kifuniko, akajisikia amemfanyia binti wa watu jambo jema.

Na kijerikeni kile kilikuwa kimebeba maziwa ya Barwako kwa mwaka mzima.

Mwajua alichofanya? Mimi nampenda Adow, lakini ukweli usemwe. Hakusema. Jioni wenzake walipoondoka, aliitoa ile chupa kubwa nje, akayamwaga maji yote taratibu chini ya mwarobaini wa uani, akaisugua kwa dawa mara tatu na kuisuuza hadi vidole vikakunjamana, akakeneka maji mapya. Alijiambia: kesho shahidi atanyamaza, binti atafurahi, mambo yataisha, na hakuna mtu atakayelitaja jina langu. Ni nani asingefanya hivyo? Mtu aliyepoteza ngamia wake wote isipokuwa mmoja, akabaki na sifa moja tu duniani, kwamba maji yake hayana doa!

Kesho yake Weris alitumia maji mapya, na shahidi akanyamaza. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Weris alipiga kigelegele hadi bawabu akaja kuchungulia. Adow alimshukuru Mungu, akaenda kuosha vyombo.

Basi Jumatano mchana Daktari Nasteho akaja. Alizitazama karatasi za siku zote hizo, akazipanga mezani, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Weris, hakuna kilichobadilika. Meza ni ile ile, mashine ni ile ile, maji ni yale yale ya Adow. Kilichobadilika ni wewe. Umeanza kuwa mwangalifu. Nafurahi, lakini siwezi kuiweka kazi yote juu ya mikono iliyochafua siku kumi na moja bila mwenyewe kujua vipi. Maziwa yatakwenda Nairobi kesho. Wewe utaandika habari za wafugaji na maboma yao. Vipimo vitakuwa na jina la mwingine."

Weris alivua glavu moja, halafu ya pili, akaziweka mezani zikiwa zimelingana, kama mtu anayerudisha vitu vya watu.

Adow alikuwa kwenye sinki, mgongo kwao. Maji yalikuwa yakimwagika bure juu ya chupa iliyokwisha kuwa safi zamani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye aliuficha wake, na sasa mtoto wa mwingine alikuwa anavuliwa nguo mbele yake. Alifunga bomba.

"Daktari," akasema. "Hiyo mikono ni yangu."

Wakageuka. Akasimulia yote: Barwako, mimba, maalimu, kijerikeni, lita tatu zilizotoka na lita mbili zilizorudi, mwarobaini. Alisimulia akitazama sakafu, na Kiswahili chake kilichokuwa kikimtoka kwa madaha siku zote kikavunjikavunjika, akawa anaingiza Kisomali katikati. Alipomaliza akavua koti lake la kazi, akalikunja, akalishika mkononi asijue amkabidhi nani.

Weris ndiye aliyelipuka. "Siku kumi na moja, adeer! Siku kumi na moja nalia mbele yako! Umenipa maji ya kunywa, umeniambia nikaze moyo! Na jana nilipopiga kigelegele ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Wallahi sikusamehi."

"Usinisamehe," Adow akasema. "Lakini vipimo ni yako."

Daktari Nasteho alikuwa ameketi. Wote wawili walidhani amekasirika, kumbe alikuwa na haya. "Mimi ndiye niliyesema maji yasiguswe," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, nami nikakataa kuikunguta nguo. Qur'ani haina kosa hapa. Chombo ndicho chenye kosa, na mimi nisiyeuliza." Kisha akamgeukia Weris. "Maneno ya Adow bado ni maneno. Una vichupa vya maji ya zamani?"

Vilikuwepo, vimebaki sita kwenye friji, vina tarehe.

"Vipime. Hatua zote mbili. Nataka kujua kila kilichokuwemo ndani ya maji hayo kabla sijaandika barua yoyote."

Hatua ya pili hawakuwahi kuifanya juu ya shahidi. Shahidi alipokuwa akifeli kwa kuonyesha ngamia waliishia pale pale, hawakuwa na sababu ya kuendelea. Weris akaziacha glavu zile mezani, akavaa mpya. Alifanya kazi bila kumtazama Adow, pua ikimtiririka, na mashine ikachukua saa mbili na ushei. Adow alikaa kwenye ndoo yake nje ya mlango, akasali alasiri pale pale, akaketi tena. Koti lilikuwa bado mapajani.

Weris alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira haikuwemo tena. Alichuchumaa mbele yake, akasema polepole:

"Adeer, ngamia yumo. Umesema kweli."

"Alhamdulillahi. Basi hawatakunyang'anya."

"Na brusela imo."

Adow hakuelewa mara moja.

"Kwenye maji yako, adeer. Vichupa vyote sita. Maziwa yaliyokuwa kwenye kile kijerikeni yana ugonjwa. Barwako hakupigwa na jicho." Akamshika mkono. "Maziwa yake anayanywa nani?"

Alikunywa Adow mwenyewe. Alikunywa Abshiro. Na alikunywa Ramla, binti yao wa pekee, aliyekuja kutoka Banissa mwezi uliopita kujifungulia mimba yake ya kwanza kwa mama yake kama desturi inavyotaka, na ambaye kila asubuhi na jioni baba yake alimpelekea mwenyewe kikombe kilichojaa, kikiwa bado na povu na joto la kiwele, akisimama juu yake mpaka akimalize.

Alipiga simu nyumbani. Abshiro akapokea akicheka jambo fulani la jirani.

"Abshiro, maziwa ya jioni chemsha."

"Maziwa gani?"

"Ya Barwako. Chemsha mpaka ipande, alafu chemsha tena."

"Adow, umeugua? Maziwa ya ngamia nichemshe! Si wewe uliyemfukuza daktari wa mifugo aliposema hivyo? Majirani wakisikia harufu watasema nini?"

"Waseme Adow ameogopa. Chemsha. Na Ramla asikunywe hata tone. Avae, nakuja kumchukua. Usiniulize, mama, chemsha tu."

Aliposhusha simu, Weris alikuwa ameshavua koti na kushika mkoba. Daktari Nasteho alikuwa mlangoni na funguo za gari.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu hadi magharibi. Damu ya Ramla ilikuwa na brusela. Ya Abshiro pia, na yale magoti aliyokuwa akiyasingizia uzee yakapata jina. Daktari wa wazazi alisema ugonjwa haujafika mbali, na kwamba kuna dawa asizokatazwa mwenye mimba, akaandika azianze usiku ule ule. Alimwekea Ramla kile chombo tumboni, wakasikia moyo wa mtoto ukipiga mbio, tena kwa nguvu.

Nje kwenye benchi Adow alianza kuomba msamaha upya, tangu mwanzo, tangu kijerikeni.

"Adeer, nyamaza," Weris akasema. Alikuwa amechoka, ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho. "Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo hata kesho. Lakini ungeyamwaga yale maji yaliyosomewa kwenye sinki kama mtu mwingine yeyote, mimi ningekuwa na majibu yangu masafi leo, na Ramla angekunywa kikombe chake cha jioni bila yeyote kujua kilichomo."

Adow akajifunika uso kwa koti lake la kazi, akalia pale mbele ya wagonjwa na wauguzi, wala hakujali nani anamwona.